Dhalimu Ndiye Mwenye Jukwaa: Maigizo ya Jadi ya Waodia

Kila mwaka, kwa siku 11 zinazoishia usiku wa mwezi mpevu wa Pausha, mwezi wa kalenda ya Kihindu kati ya Desemba na Januari, mji wa Bargarh magharibi mwa jimbo la Odisha, India, hutawaliwa na mfalme katili aitwaye Kansa. Mji wenyewe hubadilishwa jina ukaitwa Mathura, mji wa Kansa katika hadithi za Kihindu. Mto Jeera huwa Yamuna, na kijiji cha Ambapali ng'ambo ya mto huwa Gopapura, kwa wachunga ng'ombe anakolelewa mtoto Krishna, mungu atakayemuua Kansa mwishoni. Hakuna ukumbi wala pazia. Kansa hupita mitaani na msafara wake, na kwa miaka mingi alipita akiwa juu ya tembo, akikagua mji wake. Akikuta mtaro umeziba au takataka zimerundikana, humwita ofisa anayehusika mbele ya umati, humfokea na kumtoza faini. Ofisa huja, na hulipa. Hata wanasiasa wakubwa hufika barazani kwake na kusikiliza wanachoambiwa.

Onyesho hilo huitwa Dhanu Jatra, na ndilo lililonivuta kwenye maigizo ya jadi ya Waodia nilipokuwa nasoma Bhubaneswar, mji mkuu wa jimbo hilo. Nilikwenda Bargarh kumwona Krishna, nikarudi namuwaza Kansa. Tangu hapo karibu kila igizo la huko nililolitazama au kusoma habari zake limenirudisha palepale: mwenye kiti, mwenye mavazi ya kumetameta, mwenye maneno mengi na nyimbo zinazokaa kichwani, ni dhalimu. Mungu huja mwishoni akamaliza kazi yake kwa muda mfupi. Usiku mzima uliotangulia ni wa yule mwingine.

Naamini kuna sababu, na sababu yenyewe iko katika historia ya watu hao.

Msomaji wa kwetu akisikia India hukumbuka Gujarat, Kachchh, Punjab na Goa, maana ndiko walikotoka Wahindi wengi wa Afrika Mashariki. Odisha iko upande wa pili kabisa, kwenye Ghuba ya Bengali, na mabaharia wake wa kale walielekea mashariki, Java na Bali, si kwetu. Ni jimbo kubwa; sensa ya 2011 ilihesabu karibu watu milioni 42. Habari za michezo ya hadhara huko ni za kale mno. Kwenye mlima Udayagiri, pembeni mwa Bhubaneswar, kuna maandishi yaliyochongwa juu ya pango la Hathigumpha kwa amri ya Mfalme Kharavela, takribani karne ya 1 kabla ya Kristo. Katika kueleza mwaka wa 3 wa utawala wake, maandishi hayo yanasema mfalme aliwaburudisha watu wa mji wake kwa ngoma, nyimbo, ala na sherehe. Ukishuka kidogo unafika pango la Rani Gumpha, na ukutani utakuta mchezaji wa kike amechongwa akicheza, wapiga ala wamemzunguka. Nilisimama pale muda mrefu. Mikono ya wale wapigaji imekaa kwenye ala zao sawasawa na mikono niliyoiona vijijini.

Lakini huo ulikuwa mchezo wa ikulu. Maigizo ya wanavijiji yalipata mafuta yake baadaye, hadithi kuu za dini zilipotolewa kwenye Kisanskriti na kutiwa katika Kiodia, lugha ya mkulima na mvuvi. Sarala Das aliandika Mahabharata kwa Kiodia katika karne ya 15. Karne iliyofuata Jagannath Das akaandika Bhagavata, kitabu chenye habari za Krishna, kikawa kinasomwa kwa sauti kila kijiji. Mwaka 1510 mtakatifu Chaitanya alifika mji wa Puri kutoka Bengal, na wimbi la nyimbo na michezo ya kumsifu Krishna likapanda juu zaidi. Baadaye Biswanath Khuntia akaandika Ramayana, hadithi ya Rama, kwa namna ya kuimbwa, na mpaka leo michezo ya Rama Lila ya Odisha huchota humo.

Katikati ya hayo yote utawala ukaanza kubadilishana mikono. Mwaka 1568 mfalme wa mwisho wa Waodia aliyekuwa huru, Mukunda Deva, aliuawa na nchi ikaangukia kwa Waafghani wa Bengal. Wakafuata Wamogoli. Mwaka 1751 wakaja Wamaratha, na mwaka 1803 Waingereza. Waingereza wakawaacha Waodia wamegawanyika: wengine chini ya Bengal, wengine chini ya Madras, wengine chini ya Majimbo ya Kati, hadi mwaka 1936 walipopewa jimbo lao. Karne karibu nne, kila kizazi kikiwa na bwana asiyesema lugha yake. Ukiwa na historia hiyo mkononi, mfalme katili wa jukwaani huonekana kwa sura nyingine.

Chukua Mughal Tamsa, tamasha la Kimogoli la mji wa Bhadrak, lililotungwa katika karne ya 18 na Bansiballabha Goswami. Huchezwa majira ya Chaitra, kuelekea katikati ya Aprili, kwenye viwanja vya mahekalu ya mungu Shiva. Mhusika wake mkuu ni Mirza Saheb, mkubwa wa serikali ya Kimogoli, na sehemu kubwa ya mchezo ni yeye kuita watumishi: wa maji, wa buruma, wa kupepea, kila mmoja na zamu yake, kila mmoja na vituko vyake. Kisha anatokea mwanamke muuza maziwa, na bwana mkubwa anajikuta kwenye mapatano ya bei na zaidi ya bei. Lugha zimechanganyika: Kiajemi, Kiurdu, Kihindi, Kibengali na Kiodia, kama zilivyochanganyika ofisini na sokoni wakati huo. Mtunzi alikuwa Mhindu, alikijua Kiajemi barabara, na hakumfanya Mirza kuwa zimwi. Alimfanya binadamu mvivu anayependa starehe, asiyeweza hata kunywa maji bila kelele. Kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko matusi, kwa sababu watazamaji, Wahindu kwa Waislamu wa mji uleule, waliweza kucheka pamoja.

Mchanganyiko huo wa imani uko pia kwenye Pala, mchezo wa waimbaji watano au sita ambao asili yake ni ibada ya Satyapir: mungu Satyanarayan wa Wahindu na Pir, yaani walii, wa Waislamu katika jina moja. Kiongozi wao, gayaka, husimama katikati akiwa na njuga miguuni na usinga mkononi, akiimba, akieleza, akiigiza, akinukuu mashairi ya kale na kuyafafanua papo hapo. Vikundi viwili vikikutana kushindana, mmoja humtupia mwenzake fumbo la kishairi na umati husubiri ajikwae. Kuna na Dasakathia, ambao ni watu wawili tu na vijiti vya kugonganisha; mmoja anaimba, mwingine anaitikia na kubadilika kuwa kila mhusika anayehitajika. Hiyo nitaiandikia siku nyingine, inastahili nafasi yake.

Ravana Chhaya ndiyo iliyonipa uhakika na wazo langu. Ni vikaragosi vya kivuli vya wilaya ya Angul, vilivyokatwa kwenye ngozi ya paa, kila kimoja kipande kizima kisicho na viungo vya kukunja wala rangi. Taa ya mafuta huwekwa nyuma ya shuka jeupe, na mchezaji hukisogeza kikaragosi karibu na mwanga ili kivuli kikue, au mbali ili kisinyae. Hadithi ni ya Rama: mwana wa mfalme aliyenyang'anywa mkewe Sita na Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa 10. Hadithi ni ya Rama, lakini mchezo umebeba jina la adui yake. Wenyewe husema Rama ni nuru, na nuru haina kivuli; mwenye kivuli ni Ravana. Na kweli, kikaragosi cha Ravana ni kikubwa, kimesimama na vichwa vyake vyote, wakati Rama ni mdogo na mwembamba. Fundi aliyejulikana zaidi wa sanaa hii, Kathinanda Das, ameshafariki, na vikundi vilivyobaki ni vichache mno.

Sasa nije Ganjam, kusini mwa jimbo, kwenye igizo ninalolipenda kuliko yote: Prahallada Nataka. Hutajwa kuwa kazi ya Raja Ramakrishna Chhotaray wa Jalantara, mtawala mdogo wa karne ya 19 chini ya Waingereza. Jalantara yenyewe leo iko Andhra Pradesh. Hadithi ni hii. Mfalme Hiranyakashipu amepata baraka ya kutouawa na binadamu wala mnyama, mchana wala usiku, ndani wala nje, ardhini wala angani, wala kwa silaha yoyote. Amelewa baraka hiyo akaamuru aabudiwe yeye peke yake. Anayemkatalia ni mwanawe wa kuzaa, Prahallada, mtoto mdogo anayemwabudu mungu Vishnu. Baba anamrudi mtoto, anamtupia tembo, anamtia motoni, anamlisha sumu, na mtoto hafi. Mwishoni anamuuliza kama huyo Vishnu wake yumo hata kwenye nguzo hii ya nyumba. Yumo, anajibu mtoto. Baba anaipiga nguzo, na anatoka Vishnu kwa sura ya Narasimha, nusu mtu nusu simba, wakati wa magharibi, akamuulia kizingitini, juu ya mapaja yake, kwa kucha.

Niliona igizo hili kijijini, nimepelekwa na mwenzangu wa chuo ambaye kwao ni huko. Mama yake alitupa chakula mapema, wali na dengu, akatuambia, "Laleni kidogo sasa, wanangu, maana leo hakuna kulala mpaka jua litoke." Uwanjani palikuwa na jukwaa la mbao lililojengwa kama ngazi pana, na juu kabisa kiti cha enzi. Chini mbele ya ngazi palikuwa na nafasi ya wazi, watu wameketi kwenye mikeka pande zote. Pembeni walikaa wapiga ala: ngoma, matuazi, zumari, kinanda cha mvukuto. Mwimbaji kiongozi alikuwa na maandishi ya mchezo mkononi. Yeye ndiye anayesimulia na kuimba. Waigizaji wanapokea wimbo wake na kuendelea nao.

Mfalme alipotoka, aliwika na kuzipanda ngazi kwa kukimbia, taji zito kichwani, masharubu yamefunika nusu ya uso. Akafika juu, akageuka, akashuka kwa kuruka ngazi mbili mbili huku akiimba, tena bila kukosea mdundo. Alifanya hivyo usiku kucha. Alikuwa mtu mzima, na baina ya vipande nilimwona akiegemea nguzo ya turubai, kifua kikipanda na kushuka, kijana mmoja akimpepea kwa gazeti. Zamu yake ikifika, anazirukia tena. Mzee aliyeketi karibu nami aliniona nimemkazia macho mtoto Prahallada, akanigusa bega. "Mjukuu wangu," akaniambia, "mtoto usimtazame, mtoto tunamjua. Mtazame baba."

Nikamtazama baba. Nikaona kitu ambacho hadithi yenyewe, ukiisoma kitabuni, haikuonyeshi: kila Hiranyakashipu anapompeleka mwanawe kuuawa, anatetemeka. Anampenda. Anamwita, anambembeleza, anamsihi atamke tu jina la baba yake ili yaishe. Mtoto hakubali, na mfalme analazimika kupanda ngazi tena, juu zaidi, peke yake zaidi. Mama yake Prahallada, Lilavati, ambaye kwa desturi huchezwa na mwanamume, alilia kwa wimbo uliowafanya wanawake wa mbele yangu wajifute macho kwa ncha za sari. Jambo la ajabu ni kwamba mchezo huu wa mfalme aliyelewa madaraka umehusishwa na mfalme, ukalelewa na wafalme wadogo wa Ganjam, na ukachezwa mbele yao. Walikaa wakautazama. Sijui utawala mwingi unaoweza kuvumilia hivyo.

Kisha kinyago. Kinyago cha Narasimha hakiwekwi pamoja na mavazi mengine. Kina mahali pake, hufanyiwa ibada, huwekewa maua na ubani, na atakayekivaa hufunga na kujitakasa. Kilipovalishwa, kuelekea alfajiri, wanaume kadhaa walikuwa tayari wamemshika mvaaji kiunoni, kwa sababu akishapandwa hajijui, na mwigizaji wa mfalme ana mapaja na tumbo la kweli. Nguzo ilipasuka, watu wakanyanyuka, wengine wakaviringika chini wamepandwa vilevile, na yule mwenye kinyago akawa anawaburuta waliomshika. Kinyago kilivuliwa haraka, mvaaji akalazwa chini amezimia. Mfalme alikuwa amekwisha.

Chaitra ileile ya Mughal Tamsa ndiyo ya Danda Nata, ambapo wanaume walioweka nadhiri hutoka nyumbani kwao siku 13 au zaidi, wakijitesa kwa vumbi la joto na maji mchana, na usiku wakicheza vipande vya wawindaji ndege, watu wa msituni na wapiga kinanda. Huko hakuna mfalme, na labda ndiyo maana sijaweza kuielewa kama ninavyoielewa Prahallada.

Mtu aliyemtoa dhalimu kwenye vitabu vya kale na kumleta kijijini alikuwa Baishnab Pani, aliyezaliwa 1882 katika kijiji cha Kothapada, wilaya ya Cuttack, akafariki 1956. Waodia humwita Ganakabi, mshairi wa umma. Alikuta jatra, mchezo wa vikundi vinavyozunguka, ikiwa imejaa nyimbo ndefu zilizofuatana. Akafupisha nyimbo, akaingiza mazungumzo ya kawaida, lugha ya barazani, na akatunga vichekesho vifupi ambamo wanaokaa kwenye kiti ni makabaila, wala riba na vibaraka wa wakoloni. Mkulima aliyekuwa anadaiwa kodi ya shamba alimwona kabaila wake akipita jukwaani kwa mwendo uleule. Vikundi vilivyocheza kazi zake vilifika vijiji ambavyo gazeti halikufika.

Na mwaka 1947, Uingereza ilipoondoka, Bargarh wakaanza Dhanu Jatra, msimu wa mavuno wa 1947 kwenda 1948. Wenyeji husimulia kwamba kuanguka kwa Kansa kulikuwa kuanguka kwa mkoloni. Mimi naongeza jambo moja nililoliona huko. Wangeweza kumuua Kansa siku ya kwanza na kusherehekea siku 10. Wanampa siku 10 atawale, atoe amri, akosoe serikali ya leo kuhusu maji na barabara, kisha siku ya 11 ndiyo afe. Wakati mkoloni yupo hawakuweza kumtazama kwa raha. Alipoondoka walitengeneza wa kwao wa kumtazama.

Hapa nitoe neno kidogo kuhusu Odissi, ngoma maarufu ya Kiodia inayochezwa leo kwenye majukwaa ya London na New York. Wengi huamini imetoka hekaluni moja kwa moja. Mwalimu wake mkubwa, Kelucharan Mohapatra, aliyezaliwa 1926 kijijini Raghurajpur, alilelewa kama gotipua, mvulana anayecheza amevaa kike, na akakulia kwenye kikundi cha michezo ya Krishna cha Mohan Sundar Dev Goswami, mtu yuleyule aliyetengeneza filamu ya kwanza ya Kiodia mwaka 1936. Baadaye akafanya kazi Annapurna Theatre. Ngoma hiyo ya kifahari ina jasho la maturubai ndani yake, na inaniuma programu za maonyesho zinapolinyamazia.

Jatra ya leo ni biashara kubwa. Makampuni yake, mengi yakijiita Gananatya, husafiri kwa misururu ya malori, na maturubai huchukua maelfu ya watu wanaolipa kiingilio. Jukwaa liko wazi pande tatu, wapiga ala wako kando, taa za rangi na sauti za kupasua masikio. Huanza na dansi za nyimbo za filamu, na mchezo wenyewe hukolea usiku wa manane hadi karibu na alfajiri. Wasomi wengi wa mjini huidharau. Mimi siidharau, nimewaona mama wauza samaki wakilipia kiti kwa pesa yao na kukaa macho mpaka mwisho, na waigizaji wake hujulikana vijijini kuliko nyota wa filamu. Ninachokilalamikia ni kwamba dhalimu wa jatra mpya amepungua. Amekuwa jambazi wa miwani myeusi au mwanasiasa mla rushwa anayecheka kwa sauti nzito, apigwe, aanguke, basi. Hakuna ngazi anazozipanda. Hakuna mtoto anayempenda na kumuua kwa wakati mmoja. Waandishi wa jatra wana watazamaji wengi kuliko Baishnab Pani alivyopata kuwa nao, na naona wanawapa kidogo kuliko wanavyoweza kupokea.

Nasema haya nikijua kuna vijana wetu wengi kutoka Afrika Mashariki wanasoma Bhubaneswar na Cuttack sasa hivi, na wengi humaliza miaka yao bila kutoka nje ya mji. Ndugu zangu, Bargarh mnafika kwa basi la usiku. Angalieni tarehe ya mwezi mpevu wa Pausha, hesabuni siku 11 nyuma. Kwa Ganjam, teremkeni Berhampur kwa treni, kisha ulizeni wenyeji ni kijiji gani kina Prahallada Nataka wiki hiyo. Watu wa huko hufurahi mgeni akiwauliza hilo, na hamtakosa wa kuwapeleka. Kuleni mapema, chukueni shuka la kujifunika, kaeni mbele upande wa wapiga ala, mahali ambapo mfalme hushukia ngazi. Na msiondoke saa nane za usiku, hata macho yakiwa mazito, maana wakati huo ndipo anapoanza kumsihi mtoto wake.